Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Mjamzito Aambiwe Mapema Kwamba Maumivu ya Uzazi Yanaweza Kupunguzwa

Arua, West Nile

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Uganda. Kwa Katibu Mkuu na wakurugenzi wa Wizara. Kwa maafisa afya wa wilaya. Na kwa wakuu wa hospitali za rufaa za mikoa.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia mimi mkunga mstaafu. Nimezalisha katika vituo vya serikali vya West Nile kwa zaidi ya miaka thelathini, nikianzia kwenye kituo kidogo ambacho taa yake ya usiku ilikuwa ya mafuta, nikamalizia kwenye wadi ya wazazi ambayo vitanda havikutosha hata siku moja. Katika miaka hiyo lugha iliyonisaidia zaidi, mchana na usiku, ilikuwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo niliyoweza kusemezana nayo na Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, mke wa askari aliyehamishiwa kutoka Teso, na mama aliyevuka mpaka kutoka Kongo akiwa na mimba ya miezi minane. Nawaandikia kwa lugha hiyohiyo, ambayo Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 iwe lugha rasmi ya nchi yetu, na pia kwa sababu jambo ninaloliomba ni la maneno kabla halijawa la dawa.

Ombi langu ni moja. Kila mjamzito anayehudhuria kliniki aambiwe, kabla siku yake haijafika na kwa lugha anayoielewa, kwamba maumivu ya uzazi yanaweza kupunguzwa. Aelezwe njia zilizopo, wema wa kila njia na madhara yake. Na aambiwe bila kufichwa ni ipi kati ya hizo inapatikana mahali atakapojifungulia.

Wote waliowahi kufanya kazi katika kliniki za wajawazito wanayajua mafunzo ya asubuhi. Akina mama huketi kwenye mabenchi, barazani au chini ya mwembe, kadi zikiwa mkononi, na kabla hawajapimwa presha na kupapaswa tumbo, mkunga husimama mbele yao akawafundisha. Tunawafundisha kulala ndani ya chandarua, kumeza vidonge vya kuongeza damu, kumeza Fansidar ya kukinga malaria, kupima virusi vya UKIMWI pamoja na waume zao, kuzijua dalili za hatari, kuweka akiba ya nauli ya bodaboda, na kutafuta Mama Kit, ule mfuko wa vifaa vya kujifungulia, na kaveera, yaani plastiki ya kutandika kitandani. Ni mafunzo mema, nayo yamezaa matunda ambayo hakuna anayeweza kuyakana: uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake 336 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukaonyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 189. Uchunguzi huo wa pili ulionyesha pia kwamba karibu watoto tisa katika kila kumi sasa wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Tuliwaita wanawake waje, na wamekuja.

Lakini katika mafunzo hayo, ambayo nimeyatoa mara nisizoweza kuzihesabu, sikuwahi kutamka hata sentensi moja kuhusu maumivu. Tulimwambia mwanamke aje na nini, aje lini, aje na nani wa kumpikia uji. Ila jambo ambalo lingeushika mwili wake na akili yake kwa saa kumi na mbili, kumi na nane, wakati mwingine ishirini na zaidi, hatukuligusa. Wala wao hawakuuliza. Mtu haulizi habari za kitu ambacho hajui kama kipo.

Naomba niwasimulie usiku mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja, kwa kuwa ningeweza kuusimulia usiku wa namna hiyo wa kituo chochote nilichofanyia kazi.

Kiswahili chetu kina neno moja, uchungu, linalobeba mambo mawili. Uchungu ni maumivu. Na uchungu ni kule kubana kwa mji wa mimba kunakomsukuma mtoto atoke. Tukisema fulani ameshikwa na uchungu, tunamaanisha yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo mama akitamka “dawa ya uchungu”, yeye anafikiria dawa ya kumtuliza, ilhali nesi aliyezoea leba anasikia dripu ya oksitosini, ile inayouongeza uchungu ili mtoto atoke upesi. Usiku huo alikuwapo binti wa miaka kama ishirini, uzazi wake wa kwanza, aliyekuja kutoka upande wa Kongo na mama yake mdogo, ambaye tulimwacha nje ya mlango kama ilivyokuwa desturi yetu. Njia ilikuwa imefunguka sentimita sita. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa nguvu hivi kwamba pete yake ilikuwa imemchora kidole hadi kikavimba. Akamwambia nesi wetu kijana, “Dada, nisaidie dawa ya uchungu.” Nesi yule, kwa moyo mwema kabisa, akaenda akatundika dripu, na nilipoingia nilimkuta anavunja kichupa cha oksitosini aivute kwenye bomba la sindano.

Niliitazama karatasi ya kufuatilia leba nikaona kwamba leba ile inakwenda vizuri, wala haihitaji kuharakishwa. Nikamwinamia binti nikamuuliza anataka nini. Akaniambia, “Nataka ipungue, mama, isiongezeke.” Nikamwambia nesi aiondoe dripu. Kisha nikamjibu binti yule kwa maneno niliyokuwa nimeyasema maelfu ya mara: “Hiyo ya kupunguza haipo. Vumilia, mwanangu, ndiyo uzazi.”

Waheshimiwa, yale niliyomwambia hayakuwa kweli. Katika kabati la kufuli, hatua chache kutoka kitandani pake, kulikuwa na vichupa vya pethidini, dawa kali ya kutuliza maumivu, vilivyoandikwa kwenye daftari la dawa za kulindwa, vikisubiri wagonjwa waliopasuliwa. Sikuwa na nia ya kumdanganya. Kwa mafunzo niliyopewa na kwa mazoea niliyoyakuta, haikunijia hata kidogo kwamba dawa ile ni yake pia. Nimelibeba jambo hilo tangu usiku ule, na ndilo lililonikalisha niandike barua hii.

Nafahamu kwamba wapo watakaojibu kuwa wanawake wetu hawazitaki dawa hizi, na kwamba tunawaletea haja wasiyokuwa nayo. Jibu la hoja hiyo lipo, tena limetoka katika hospitali yetu wenyewe. Watafiti waliwahoji wanawake 1,293 katika kliniki ya wajawazito ya Hospitali ya Mulago, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Waliokuwa na habari yoyote kuhusu njia za kupunguza maumivu ya leba walikuwa asilimia 7 tu. Lakini walipoulizwa kama wangependa kupunguziwa maumivu katika uzazi unaofuata, asilimia 87.7 walisema ndiyo. Waliokataa, wengi wao walitoa sababu moja: walitaka kuzaa kwa njia ya asili, bila dawa. Hao nao nawaheshimu kwa dhati, na hakuna neno katika barua hii linalotaka kumlazimisha mwanamke kuchomwa sindano asiyoitaka. Ninachosema ni kwamba mwanamke anayekataa kitu akikijua amechagua, na yule asiyekijua amenyimwa nafasi ya kuchagua. Kwa miaka mingi tumewaweka wote wawili katika fungu moja, tukasema wamekubali.

Hofu zipo, na ni vizuri tuzisikilize badala ya kuzipuuza. Nimekuwa nikizisikia sokoni, misibani, na hata kwa watoto wangu mwenyewe. Iliyo kubwa kuliko zote ni hofu ya sindano ya mgongoni, ile ya ganzi inayopunguza maumivu ya uzazi. Wanawake wanaamini kwamba inapoozesha miguu maisha yote, na kwamba aliyechomwa hataweza tena kuinama akalima wala kubeba maji kichwani. Hofu hiyo ina mantiki yake, maana mgongo ndio mtaji wa mwanamke wa kijijini. Basi aelezwe kwa utulivu, wakati hana maumivu, kwamba mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo unaishia juu kidogo ya mahali pale sindano inapoingia. Kwamba ncha ya sindano hiyo inakwenda kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaozunguka mishipa ya fahamu. Kwamba dawa ya ganzi hupitishwa kwa mrija mwembamba kidogo kidogo. Na kwamba ganzi hiyo hukoma baada ya saa chache. Aelezwe pia madhara yake bila kupakwa mafuta: presha inaweza kushuka, ngozi inaweza kuwasha, muda wa kusukuma mtoto unaweza kurefuka, na mara chache utando ukitobolewa mama hupata kichwa kikali kwa siku kadhaa. Ukweli ni kwamba tafiti hazikuona kuwa sindano hiyo inaongeza idadi ya wanaozaa kwa opresheni, wala kwamba inaleta maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Maneno hayo huchukua dakika tano kwenye benchi la kliniki. Ndani ya leba, mama akiwa amefunguka sentimita saba, hayawezi kuelezwa wala kueleweka.

Hofu nyingine ni ya jina baya. Anayelia leba huitwa mwoga, na wifi zake watalisimulia jambo hilo hadi mtoto yule aolewe. Mwanamke huyohuyo, jino likimuuma, hakuna anayemwambia akaling'olewe bila ganzi. Tuna methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi tumeigeuza kuwa kufuli la mdomo, kana kwamba mzazi anayeujua ndiye asiyeruhusiwa kuutamka.

Tena kuna wanaoshika dini, na kwao nasema kwa unyenyekevu, kwa kuwa nami ni muumini. Wakristo hukumbuka maneno aliyoambiwa Hawa bustanini. Lakini mwaka 1853 Malkia Victoria, ambaye kwa cheo chake alikuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, lililowatuma wamisionari wa kwanza wa Kianglikana hapa Uganda, alipewa klorofomu na daktari John Snow alipokuwa akijifungua mwanawe Leopold, na mabishano ya kidini yaliyokuwapo wakati huo yakaanza kufifia. Waislamu nao wanamjua Maryam, ambaye uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, na hapo hakuachwa na maumivu yake peke yake: alisemeshwa kwa upole, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende mbivu za kula.

Wengine husema kwamba kupunguza maumivu ni mambo ya Wazungu. Hao nawaomba waukumbuke ufalme wa Bunyoro, hapahapa Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza aitwaye Robert Felkin alikuwapo mahali paitwapo Kahura, akamwona mganga wa Kinyoro akimpasua tumbo mwanamke wa miaka kama ishirini, uzazi wake wa kwanza, ili kumtoa mtoto. Kabla ya kisu, mwanamke yule alikuwa amenyweshwa mvinyo wa ndizi hadi akalewa nusu, na mvinyo huohuo ukatumika kuosha mikono ya mganga na tumbo la mama. Jeraha lilishonwa, likapona, na Felkin alipoondoka mama na mtoto walikuwa wazima. Habari hiyo aliichapisha Edinburgh mwaka 1884. Mganga yule hakuwa amesoma kitabu chochote cha Wazungu. Alijua tu kwamba mtu hakatwi akiwa macho bila kutulizwa.

Hata leo wanawake wetu wanatafuta cha kuwatuliza. Buganda kuna emumbwa, kile kidonge cha udongo na majani. Kwetu kuna majani ya kuchemsha na mizizi ya kutafuna njiani kuelekea kituoni. Baadhi yake hayana madhara yaonekanayo. Mengine yanaukaza mji wa mimba kwa nguvu, na mama aliyewahi kufanyiwa opresheni anaweza kupasuka kovu lake la ndani. Nimewahi kumpokea mama wa namna hiyo. Alipoulizwa kwa nini alikunywa, alisema aliambiwa itapunguza maumivu. Sisi tulikuwa tumekaa naye mara nne katika kliniki bila kumpa jibu jingine.

Sasa niseme kuhusu dawa na njia zenyewe, kwa kuwa najua swali la kwanza litakalotoka kwenu ni la fedha. Sindano ya mgongoni inahitaji mtaalamu wa usingizi aliyefunzwa, mashine ya kuangalia presha wakati wote, na mkunga ambaye hana wanawake wanane wa kuangalia peke yake. Wataalamu hao nchini ni wachache mno, wengi wako Kampala, na mwenye uwezo huipata huko katika hospitali za binafsi. Siwaombi muiweke kesho katika kila kituo cha ngazi ya tatu. Ningekuwa nawaomba jambo lisilowezekana, na ombi lisilowezekana ni rahisi kuwekwa kando. Katika hospitali za rufaa za mikoa, hata hivyo, ambako tayari kuna wanaotoa ganzi ya mgongo kwa ajili ya opresheni, inastahili mpango wenye tarehe.

Pethidini ni jambo jingine. Sindano ya msulini huanza kufanya kazi kwa muda wa dakika kama ishirini na hutuliza kwa saa mbili hadi nne. Huleta usingizi na kichefuchefu, na ikitolewa karibu sana na wakati wa kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa amelegea na kuchelewa kupumua. Ndiyo sababu inapaswa kutolewa kwa kuangalia saa na jinsi njia ilivyofunguka, na naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya pethidini, pamoja na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua viwe karibu. Haya yote mkunga anaweza kufundishwa. Ipo pia gesi ya oksidi ya nitrasi iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, ambayo mama huivuta mwenyewe kwa kinyago uchungu unapoanza kupanda, na akikiachia, nguvu zake huisha kwa muda mfupi. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma za leba, lilitaja sindano ya mgongoni na dawa za jamii ya pethidini kuwa njia zinazofaa kwa mwanamke mwenye afya anayeziomba.

Mapendekezo hayohayo yametaja njia ambazo hazina gharama ya dawa: kukandwa mgongo, kuwekewa kitambaa cha moto kiunoni, kupumua kwa utaratibu, kutembea na kusimama badala ya kulazwa chali, na kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Hili la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Utafiti umeonyesha kwamba mwanamke mwenye msaidizi wa kukaa naye mfululizo huchukua muda mfupi zaidi leba, na huhitaji dawa na opresheni kwa uchache zaidi. Mama mdogo wa yule binti wa Kongo alikuwa nje ya mlango, mikono mitupu, anasikia sauti ya mtoto wa dada yake. Angeweza kumkanda mgongo usiku kucha. Tulimzuia kwa sababu wadi haikuwa na mapazia na tuliogopa atawaona wengine. Kwa kukosa mapazia, waheshimiwa, tulimnyima binti yule dawa ambayo haihitaji kuagizwa kutoka bohari.

Kwa dawa zilizo kali, mtasema sheria ni ngumu na hatari ya matumizi mabaya ni kubwa. Hapo nchi yetu yenyewe imeshajibu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na tangu hapo morfini ya maji, inayochanganywa hapahapa nchini kutokana na unga wake, imekuwa ikiwafikia wagonjwa wa saratani na wa UKIMWI hadi vijijini. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa maalumu waweze kuiandika, kwa kuwa madaktari hawakutosha. Mataifa mengine ya Afrika yalikuja kujifunza kwetu. Serikali hii ilikubali kwamba mtu anayekufa hapaswi kufa katika maumivu, ikaondoa vizuizi, ikafundisha wauguzi, na nchi haikuharibika. Nauliza kwa moyo wote kwa nini hekima hiyohiyo isimfikie anayezaa.

Kuhusu wenzangu wakunga, nataka nieleweke. Mkunga anayesema “vumilia” mara nyingi amesimama tangu saa moja jioni bila kula, ana wanawake sita, wawili wako sakafuni, na mmoja anatokwa na damu. Ukali wake unatokana na uchovu na kutofundishwa. Nilipokuwa chuoni, maumivu ya leba yalifundishwa kama dalili ya kupima hatua ya leba, na somo likaishia hapo. Mama akiomba dawa, mkunga asiye na kitu cha kumpa huona anatukanwa. Nimewahi kumwona mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa amesikia habari ya sindano ya mgongoni kutoka kwa dada yake wa Kampala, akiuliza kwa adabu kama inapatikana, na wadi nzima ikacheka. Hakufungua mdomo tena hadi alipojifungua, hata pale alipopaswa kutuambia kwamba anataka kusukuma. Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya kufuatilia leba. Ndani yake, kabla hata ya mapigo ya moyo wa mtoto, kuna mistari ya kujaza kama mama ana msaidizi, kama amepunguziwa maumivu, kama amekunywa kitu, na amekaa mkao gani. Kwenye mstari wa maumivu mkunga huandika ndiyo, au hapana, au kwamba mama amekataa. Naomba karatasi hiyo ifike katika kila leba ya nchi hii na ijazwe kwa kweli. Hatuwezi kuandika kwamba mama amekataa ikiwa hatukumuuliza, wala hatuwezi kumuuliza leba ikiwa hatukumweleza kliniki.

Haya basi ndiyo ninayowaomba. Wizara itoe waraka kwamba somo la maumivu liingie katika mafunzo ya asubuhi ya kliniki, na liandikwe katika kadi ya mama pale palipo na mpango wa kujifungua, ili matakwa yake yafike leba yakiwa yameandikwa. Liandikwe kwa lugha za mikoa na kwa Kiswahili, kwa maana kambi za Nakivale, Kyangwali na Kyaka zina maelfu ya akina mama wa Kongo ambao Kiingereza na Luganda haviwafikii. Na waandishi wake watenganishe kabisa “dawa ya kuongeza uchungu” na “dawa ya kupunguza maumivu”, kwa sababu mnayoijua sasa. Wakunga walio kazini wafundishwe matumizi salama ya pethidini katika leba, na agizo la dawa la kila hospitali lihesabu wanawake wanaozaa pamoja na wanaopasuliwa. Na mapazia yanunuliwe.

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 33, inaitaka dola iwalinde wanawake na haki zao kwa kuzingatia hali yao ya pekee na kazi yao ya uzazi. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyokuwa imefunguliwa tangu mwaka 2011, iliamua kwamba kushindwa kwa serikali kutoa huduma za msingi za uzazi ni uvunjaji wa haki, ikaagiza fedha za kutosha zitengwe na watumishi wafundishwe. Kesi ile ilihusu wanawake waliofariki. Nawaomba mwisome uamuzi ule mkiwafikiria pia waliobaki hai, wakarudi nyumbani na mtoto mgongoni, na wakaapa kimoyomoyo kwamba mimba inayofuata watazalia kwa bibi kijijini.

Sikutaka kuomba mikono mitupu, kwa hiyo nimeandika somo lenyewe kwa Kiswahili. Linajaa ukurasa mmoja, na yeyote katika Wizara au wilaya anayelitaka atalipata bure, alirekebishe, alitafsiri, aliweke jina lake. Linaanza hivi: “Akina mama, leo tuzungumze kuhusu maumivu. Ule uchungu unaomleta mtoto hatutauzuia, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Maumivu yanayokuja nao yanaweza kupunguzwa. Ukitaka, utuambie. Usipotaka, utuambie vilevile. Ukibadili nia ukiwa leba, utuambie tena, hatutakucheka.” Kisha panafuata njia moja baada ya nyingine, na chini kabisa nimeacha mistari mitatu mitupu chini ya maneno “katika kituo chetu tunazo hizi”, ili kila mkuu wa kituo aijaze kwa mkono wake kabla mkunga hajasimama mbele ya benchi.

Wenu katika kazi,

Mkunga mstaafu,
Arua